Visiwa Vilivyo Mbele ya Mji wa Unguja: Dokezo kwa Walimu wa Bara

Makala ya safari hii inaanza na kosa letu wenyewe.

Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili aliandika insha ya masimulizi kuhusu likizo yake. Alieleza kwamba asubuhi yeye na binamu zake walitembea juu ya fungu wakiokota makombe, na kwamba alasiri ya siku hiyohiyo mashua zilikuwa zikipita palepale walipokuwa wamesimama. Msahihishaji wetu alipiga mstari mwekundu chini ya neno "fungu", akaandika pembeni: "Fungu ni sehemu ya kitu kilichogawanywa. Halitembelewi." Chini ya sentensi iliyofuata aliandika neno moja tu: "Haiwezekani." Alama nne zikaondoka.

Mwanafunzi alikuja ofisini, akatuamkia, akangoja tumalize shughuli zetu, ndipo akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa Unguja kwa mama mdogo. Niliyoyaandika niliyaona kwa macho yangu." Tukafungua kamusi mbele yake. Tulikuta fungu la nyanya na fungu la fedha, kama tulivyotarajia. Chini yake tukakuta maana nyingine ambayo hatujapata kuifundisha hata siku moja: tuta la mchanga au mwamba baharini, linaloonekana maji yakipwa. Alama zake tulimrudishia siku ileile. Makala hii ni malipo ya deni lililobaki.

Kosa hilo si la mtu mmoja. Sisi tunaofundisha Kampala tuko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka bandari ya Mombasa, na wengi wetu tulikisoma Kiswahili miaka mingi kabla ya kuiona bahari. Visiwa tunavijua. Ssese peke yake ina visiwa 84 katika Ziwa Viktoria, na mwanafunzi anayetoka Kalangala hahitaji kuelezwa kisiwa ni kitu gani. Kwa Kiganda atakuambia ni ekizinga. Lakini kisiwa cha ziwani kina tabia ya kutulia. Maji ya ziwa hupanda na kushuka kwa miezi na miaka, kufuatana na mvua, kama yalivyopanda mwaka 2020 yakafunika fukwe na kuingia majumbani mwa watu. Hayaondoki asubuhi yakarudi alasiri. Kwa hiyo mwalimu wa bara anapokutana na sentensi inayosema kwamba nchi kavu ya saa nne ni njia ya vyombo saa tisa, akili yake humwambia kwamba mwandishi amekosea.

Huenda msomaji akasema kwamba maneno ya bahari tuwaachie watu wa pwani. Hatukubaliani na wazo hilo, na sababu yetu ni ya kihistoria. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ikaiendeleza kazi hiyo. Kiunguja kilichochaguliwa ni kile cha mjini, yaani usemi wa mji uliojengwa juu ya rasi, ukiwa na visiwa vidogo na mafungu ya mchanga mbele yake. Anayefundisha Kiswahili sanifu anafundisha lugha ya bandari hiyo, atake asitake. Basi tumeonelea vyema tuieleze bandari yenyewe.

Mahali vilipo

Mji wa Zanzibar uko pwani ya magharibi ya kisiwa cha Unguja, ukitazamana na Tanzania Bara ng'ambo ya mkondo wa bahari wenye upana wa kilomita 35 hivi mahali panapokaribiana. Mtu akisimama Forodhani akaielekea bahari, mkono wake wa kulia ataona Chapwani, kisiwa chembamba kilicholala kama ulimi, urefu wake karibu kilomita moja na upana wake mita 100 hivi tu. Jirani yake ni Kibandiko, kidogo kuliko vyote. Kisha kipo Changuu, kilomita tano na nusu hivi kaskazini-magharibi ya mji, chenye urefu wa mita 800 hivi na upana usiofika mita 250. Upande wa magharibi, kilomita sita hivi kutoka mjini, ni Bawe. Chumbe kimejitenga na wenzake. Kiko kusini, kilomita 12 hivi kutoka mjini.

Mbele ya mji huohuo ipo miamba na mafungu ambayo hayahesabiwi katika visiwa, japokuwa wavuvi na manahodha huyajua kwa majina kama sisi tunavyojua vituo vya matatu: Pange, Nyange, Murogo. Ramani nyingi za shuleni hazina hata Changuu. Katika ramani ndogo ya Afrika Mashariki Unguja nzima huwa si kubwa kuliko punje ya mchele, seuze kisiwa ambacho mtu anaweza kukizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa.

Visiwa hivi vyote ni jiwe la aina moja, nalo ni mwamba wa matumbawe ya kale. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yakajijenga katika maji hayo ya joto. Baadaye zikaja zama za barafu. Maji mengi ya dunia yakaganda nchi za mbali, bahari ikashuka kwa zaidi ya mita 100, na matumbawe yaliyobaki juu yakafa yakageuka jiwe. Wakati huo mtu angeweza kutoka upande wa Bagamoyo akafika Unguja kwa miguu, kwa kuwa mkondo uliopo leo hauna kina kikubwa. Sehemu kubwa yake haizidi mita 50 au 60. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui, na mpaka sasa ina kima punju katika msitu wa Jozani, wanyama ambao jamaa zao wako bara. Pemba haiko hivyo. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na ulibaki bahari hata wakati ule.

Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda tena. Mabonde yakajaa maji na vichwa vya miamba vikabaki nje. Changuu na Bawe, kwa hiyo, ni vilele vya nchi iliyozama. Mwanafunzi anayedhani kwamba kisiwa huelea juu ya maji (tunao, na si wa darasa la chini peke yao) aelezwe habari hii mapema.

Jiwe la matumbawe lina matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha, maji hupenya yakapotea, na kwa hiyo katika visiwa hivi hakuna mto wala kijito. Udongo ni haba na umejificha katika nyufa za mwamba. Watu wa Unguja wana maneno yao kwa ardhi ya namna hii: maweni, yaani penye mawe, na uwanda, ardhi ya mwamba yenye vichaka ambayo hailimiki kwa urahisi. Maneno hayo ni ya kisiwa kikubwa pia, kwa kuwa mashariki ya Unguja ni maweni matupu. Mwalimu wa Kampala akiona "uwanda" hufikiria mara moja uwanda wa juu wa kijiografia, tambarare yenye nyasi. Huko Unguja angelikwaa jiwe.

Kando ya maji mwamba huliwa chini. Mawimbi na viumbe vya baharini huutafuna pale maji yanapofika, juu hubaki pana, chini hubaki pembamba, na kisiwa kidogo huishia kuwa na umbo la uyoga. Mtu hawezi kushuka popote apendapo, ila hutafuta sehemu yenye mchanga, na sehemu hizo ni chache. Ndiyo sababu wasafiri wote wa Changuu hushuka upande mmoja.

Kinga ya bandari

Upepo wa pwani hii hugeuka mara mbili kwa mwaka. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, tangu Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, tangu Aprili hadi Septemba au Oktoba. Hapa tungependa walimu wasimame kidogo. Sisi sote hufundisha "kusini" na "kaskazini" kwa kuchora msalaba ubaoni. Ni wangapi kati yetu hueleza kwamba majina hayo ni majina ya pepo, kusi na kaskazi, yaliyoongezwa kiambishi -ni cha mahali? Kusini ni huko kusi inakotoka. Mwanafunzi akiambiwa hivyo mara moja, hasahau tena.

Pepo zote mbili hutoka upande wa mashariki, na mji uko magharibi. Kisiwa kizima cha Unguja husimama kama ukuta nyuma ya mji na kuvunja nguvu ya mawimbi ya bahari kuu, ambayo hupigana na mwamba wa pwani ya mashariki huko Paje na Jambiani. Upande uliobaki wazi ni ule wa magharibi na kaskazini-magharibi, na huko ndiko vilikojipanga Chapwani, Changuu, Bawe na miamba yake. Kati ya ukuta huo wa nyuma na kizuizi hiki cha mbele pamepatikana maji tulivu yenye kina cha kutosha. Majahazi ya Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakatia nanga hapo, yakafanya biashara, yakangoja kusi iwarudishe makwao. Seyyid Said alipoyahamisha makao yake kutoka Maskati kuja Unguja, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alikuwa na sababu nyingi, lakini bandari hiyo ni mojawapo ambayo hakuna anayeibisha.

Kinga hiyo ina hatari yake pia. Miamba inayovunja mawimbi huvunja na vyombo. Njia za kuingilia bandarini hupita kati ya visiwa na mafungu, na mgeni asiyezijua hupanda mwamba mchana kweupe. Hivyo palihitajika mtu wa kukiongoza chombo mpaka ndani, naye aliitwa rubani. Wanafunzi wetu wote wanalijua neno hili, ila wanamjua rubani wa ndege tu, wakidhani ni neno jipya lililobuniwa pamoja na uwanja wa Entebbe. Ndege ilipokuja ililikuta neno tayari, limekwisha kufanya kazi baharini kwa muda mrefu. Mwaka 1904 serikali ya Waingereza ilijenga mnara wa taa Chumbe ili kuvionyesha njia usiku vyombo vinavyotoka kusini.

Mji wenyewe nao ulikuwa karibu kuwa kisiwa. Sehemu tunayoiita leo Mji Mkongwe, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, imejengwa juu ya rasi ya Shangani, na nyuma ya rasi hiyo palikuwa na hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Maji yalipojaa, mji ulishikana na kisiwa kikubwa kwa shingo nyembamba tu. Waliojenga upande wa pili wa hori walisemwa kuwa wako Ng'ambo, na palipokuwa na daraja la kuvukia pakaitwa Darajani. Hori lilifukiwa kidogo kidogo likageuka nchi kavu, na sasa barabara kuu inapita hapo. Soko la Darajani lipo mpaka leo, lakini ukimwuliza mtoto daraja liko wapi atakucheka. Ng'ambo nayo bado ni Ng'ambo, ijapokuwa mtu huvuka barabara bila kulowa kisigino. Tunawaambia wanafunzi wetu kwamba hapa majina yamebaki mahali pa maji.

Karibu lakini si ndani

Tukiangalia mji ulivitumia vipi visiwa vyake, jambo moja linajitokeza: ulipeleka huko kila ulichotaka kiwe karibu bila kuwa ndani.

Changuu ndicho mfano mkubwa. Inasemekana jina lake limetokana na samaki changu, ambaye alipatikana kwa wingi katika maji yake. Katika miaka ya 1860 kisiwa kilikuwa mikononi mwa Waarabu wawili waliokitumia kuwafungia watumwa waliokaidi. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu katika serikali ya Sultani, alijenga gereza huko. Gereza hilo halikupata kufunga mfungwa hata mmoja. Hofu ya maradhi ilikuwa kubwa kuliko hofu ya wahalifu, kwa hiyo kisiwa kikafanywa karantini, wakawekwa huko abiria wa meli zilizoshukiwa kuwa na ugonjwa mpaka ithibitike kwamba ni wazima. Hata hivyo vijitabu vya watalii, na baadhi ya vitabu vya ziada tunavyovitumia madarasani, vinakiita "Kisiwa cha Gereza", kana kwamba jina la Kiswahili halipo. Tumekuta hata zoezi la ufahamu linalouliza: "Kwa nini wafungwa walipelekwa kisiwani?" Jibu sahihi la swali hilo ni kwamba hawakupelekwa.

Changuu kina kobe wakubwa ambao asili yao ni Aldabra, katika visiwa vya Shelisheli. Wanne wa kwanza waliletwa kama zawadi mwaka 1919. Walizaana wakawa wengi, kisha wakapungua sana kwa kuibiwa, hata katika miaka ya 1990 wakabaki wachache mno na ikabidi watengewe ua wa kuwalinda. Kwa mwalimu wa lugha habari hii ina faida ya pekee. Wanafunzi wetu huchanganya kobe na kasa kila mwaka, kwa sababu lugha nyingine wanayoisomea shuleni huwaruhusu kuwachanganya. Kobe ni wa nchi kavu na ana miguu. Kasa ni wa baharini na ana mapezi. Changuu kuna kobe juu ya kisiwa na huenda kasa akapita majini chini yake, na wawili hao hawajuani.

Chapwani kilipewa wafu. Kuna makaburi ya Wakristo tangu mwishoni mwa karne ya 19, na humo wamezikwa mabaharia wa Kiingereza, baadhi yao kutoka meli ya HMS Pegasus, iliyozamishwa bandarini na manowari ya Kijerumani Königsberg mwezi Septemba 1914. Sehemu iliyobaki ya kisiwa ni msitu mdogo wenye popo wengi sana, ambao jioni huruka kwenda Unguja kutafuta matunda. Bawe nacho kilipewa waya: mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya simu ya Eastern Telegraph iliweka huko kituo cha waya uliopita chini ya bahari, ukiiunganisha Zanzibar na Aden, Shelisheli na Afrika Kusini. Kuhusu Kibandiko hatuna mengi, isipokuwa kwamba waandishi wengine hulitumia jina lake kwa Changuu. Mwalimu akikutana na utata huo asishangae.

Maji kujaa na kupwa

Sasa turudi kwenye insha ya mwanafunzi wetu, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika 50 hivi. Kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni saa 12 na dakika 25. Hii ina maana kwamba kila siku saa za maji huchelewa kidogo kuliko jana, na baada ya wiki mbili hivi huzunguka zikarudi zilipoanzia. Chanzo ni mvuto wa mwezi, ukisaidiwa na jua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huvuta kwa mstari mmoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, mivuto miwili hukatana na maji husogea kidogo tu. Hayo huitwa maji mafu. Mbele ya mji wa Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua kubwa hufikia mita nne hivi. Mita nne ni zaidi ya urefu wa dari ya darasa letu. Siku ya maji mafu ni kama mita moja.

Ukishayajua hayo, maneno yanajipanga yenyewe. Kisiwa ni kile ambacho hata maji ya bamvua yakijaa hubaki nje. Fungu ni kile ambacho maji yakijaa hukifunika na yakipwa hukifunua. Kipwa, ambacho wanafunzi hawakijui kabisa, ni mwamba au kijisiwa kinachojitokeza maji yanapopwa. Jina lake limebeba kitenzi chake ndani. Na pwani, neno ambalo tumelifundisha tangu mwaka wa kwanza kwa maana ya "kando ya bahari", linatokana na kitenzi hichohicho: ni mahali panapopwa. Kwa hiyo ziwa, kwa maana ya asili, lina ufuko lakini halina pwani. Tulipolisema hili darasani, kijana mmoja wa Entebbe alikasirika kidogo.

Kitenzi hicho kimezaa kupwelewa. Chombo kikiachwa na maji juu ya fungu, kikalala ubavu kikingoja maji yarudi, husemwa kimepwelewa. Kutoka hapo mtu naye hupwelewa, yaani hukwama katika shida asijue la kufanya. Mambo kwenda mrama nayo yametoka chomboni: mrama ni ule mwendo wa chombo kinachoyumba huku na huku kwa mawimbi. Nchi za ng'ambo, zinazotajwa kila siku redioni, ni nchi zilizo upande wa pili wa maji. Methali isemayo "Maji yakijaa hupwa" tumeifundisha miaka mingi kama habari ya utajiri na umaskini, ambayo ni sahihi, lakini wanafunzi walikuwa wakiona mbele yao ndoo.

Tulipofanya ziara ya mafunzo Unguja tulimwomba nahodha mmoja atupeleke fungu la Pange saa nane mchana, baada ya chakula. Alituangalia kwa upole, akasema, "Walimu wangu, saa nane mtalikuta chini. Njooni saa tatu asubuhi." Hakutazama kitabu wala simu. Alijua mwezi una siku ngapi, na hiyo ilimtosha.

Tuongeze kwamba mpaka kati ya kisiwa na fungu si wa kudumu. Kule mbele ya mji wa Pangani, upande wa Tanga, Maziwi kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walipanda kutaga mayai. Kililiwa na bahari, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 hakikuwa tena na miti; limebaki fungu la mchanga. Katika visiwa vya mbele ya mji wa Unguja kinachotia wasiwasi zaidi ni matumbawe hai yaliyovizunguka. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yakapauka, mengine yakafa. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoko Zanzibar chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1978, wameyapima na kuyafuatilia matumbawe ya Chapwani, Bawe, Murogo na Chumbe. Miamba ya Chumbe ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na uvuvi hauruhusiwi humo. Juu ya kisiwa wamepelekwa paa nunga ili wapate kuzaana. Wageni wanaolala huko hutumia maji ya mvua yaliyokingwa mapaani, kwa sababu ileile tuliyoitaja, ya jiwe lenye matundu.

Walimu watakaotaka kuifundisha mada hii bila kusafiri wanaweza kutumia karai, mawe mawili matatu ya urefu mbalimbali, na jagi la maji. Jiwe moja liwe refu kiasi cha kutofunikwa, jingine lifunikwe karai likijaa. Mwanafunzi mmoja amimine, mwingine apunguze, na wengine waseme: maji yanajaa, maji yamejaa, maji yanapwa, maji yamepwa, fungu limeonekana, fungu limefunikwa, mtumbwi umepwelewa. Tumelifanya zoezi hilo mara tatu. Sakafu hulowa, lakini njeo hukaa vichwani.

Kwa wale wanaopenda hesabu kuna zoezi la pili. Mbele ya mji wa Unguja, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi na hujaa sana karibu na saa kumi alasiri. Siku zinazofuata saa hizo husogea mbele. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, ingawa hayajai sana, kwa kuwa ni maji mafu. Ukijua umri wa mwezi unaweza kukadiria maji yako wapi, kama alivyofanya yule nahodha.

Tulimwomba mwanafunzi wetu atuambie siku ile ya matembezi ilikuwa tarehe gani, tukaitafuta katika kalenda. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Maji yalipwa kabisa karibu na saa tano asubuhi, wakati walipokuwa wakiokota makombe, na kufika saa tisa na nusu fungu lilikuwa limekwisha kufunikwa na maji ya kutosha kupitisha mashua. Insha yenyewe tumemwomba ruhusa tuitumie muhula ujao kama kifungu cha ufahamu kwa mwaka wa kwanza. Amekubali, kwa sharti kwamba swali la kwanza liwe juu ya maana ya neno fungu, na kwamba liwe na alama nne.